Aprili ya Thailand: uliza upepo kabla ya kuuliza tiketi

Mara ya kwanza nilipokwenda Phuket ilikuwa wiki ya mwisho ya Mei. Nilikaa siku 5, na katika siku zote hizo maji ya bahari hayakunipita magoti. Ufukwe wa Patong ulikuwa umechomekwa bendera nyekundu mwanzo hadi mwisho, na kijana wa uokoaji alikuwa na filimbi mdomoni kama refa wa ndondo: mgeni akivua shati tu, filimbi inalia. Bahari ilikuwa na rangi ya maji yaliyofuliwa jinzi. Mvua ilishuka kila alasiri, ikanyesha kwa hasira, ikapumzika, ikarudi usiku. Kwenye simu nilikuwa bado nazo picha alizonitumia wakala wangu wa safari: maji ya feruzi, na zile boti nyembamba za mbao zenye vitambaa vya rangi omoni, zimetulia kama zimechorwa. "Hapo ndipo unapokwenda, bro," aliandika chini yake. Na kweli ndipo nilipokwenda. Alichosahau kunitajia ni mwezi ambao picha zilipigwa.

Nilimlaumu kwa miezi kadhaa, halafu nikaona aibu. Mimi ni mtoto wa Pwani. Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi Kilwa, na asingekubali mtu amuuzie bahari bila kwanza kuuliza upepo unatoka wapi.

Vipeperushi vya utalii huiita Machi hadi Mei majira ya machipuko. Neno hilo wengi wetu tulilikariri kwa ajili ya mtihani wa jiografia na hatujalitumia tena. Dar es Salaam miezi hiyo ni masika: Jangwani panajaa maji, magari yanatafuta njia ya kuzunguka, na nguo hazikauki. Thailand nako hakuna kinachochipua. Wathai wana majira matatu: ya ubaridi kiasi, Novemba hadi Februari, ya joto, Machi hadi katikati ya Mei, na ya mvua, kuanzia hapo hadi Oktoba. Anayepanga kwenda huko "machipuko" basi ajue anakwenda kwenye joto kali kuliko lote la mwaka, na akichelewa kidogo anadondokea mvua.

Turudi kwa babu. Pwani yetu ina kaskazi, inayovuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, na kusi, inayoanza Aprili na kukaza katikati ya mwaka. Baina yake kuna maleleji, siku ambazo upepo unageuka na baharia hana hakika nao. Kusi hiyo hiyo inayopiga tanga za mashua zetu, ikivuka ikweta hujikunja, ikawa upepo wa kusini-magharibi. Inapita juu ya Bahari ya Hindi huku ikibeba mvuke, na kufikia katikati ya Mei inatua kwenye pwani ya magharibi ya Thailand, upande wa Bahari ya Andaman: Phuket, Phang Nga, Krabi, Ko Lanta. Bendera nyekundu zilizonifungia Patong zilikuwa kazi ya kusi. Nililipa mamilioni na kuvuka bahari nzima kwenda kukutana na upepo niliouacha nyumbani.

Lakini Thailand ina pwani mbili, na hapo ndipo penye siri ya safari ya miezi hii. Upande wa mashariki kuna Ghuba ya Thailand, yenye visiwa vya Ko Samui, Ko Pha-ngan na Ko Tao. Huko mvua kubwa huja Oktoba hadi Desemba, wakati wao wa upepo wa kaskazini-mashariki. Machi hadi Mei bahari ya ghuba kwa kawaida ni shwari, na kwenye maji ya Ko Tao ndio wakati ambao wazamiaji hutafuta kumwona papa potwe, yule yule mkubwa mwenye madoa ambaye watalii humfuata Mafia kuanzia Oktoba hadi Machi. Kwa hiyo hesabu yangu siku hizi ni fupi. Machi na wiki mbili za kwanza za Aprili, chagua pwani yoyote. Aprili ikishazeeka, elekea ghuba. Mei ikifika katikati, Andaman ni bahati nasibu. Hoteli zinashusha bei kwa sababu wenyewe wanalijua hilo. Visiwa vya Similan, ambavyo wengi huvitaja kwa sifa ya maji maangavu, ni hifadhi ya taifa na hufungwa kila mwaka kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba. Hapo hata uwe na pesa kiasi gani, boti haiendi.

Kuhusu joto sitakuficha. Mtu wa Dar anadhani analijua joto, na kweli analijua, lakini letu lina bahari ya kulipooza. La Bangkok mwezi Aprili linakaa katikati ya zege. Nyuzi 36 au 37 mchana ni habari ya kawaida, na mwezi Aprili mwaka 2023 mkoa wa Tak, magharibi mwa nchi, ulifikisha nyuzi 45.4, rekodi ya taifa zima. Dawa yake ni kuigawa siku kama wanavyoigawa wenyeji. Kasri Kuu la Bangkok hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi. Uwe mlangoni saa hiyo, magoti na mabega yamefunikwa, maana wakikuona na kaptula wanakurudisha. Saa tano uwe umeshamaliza. Kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi, kaa ndani, lala, au panda treni ya juu kwa ajili ya kiyoyozi tu; mimi nimefanya hivyo, nikaenda hadi mwisho wa njia na kurudi bila kuwa na shughuli yoyote. Jioni mji unafufuka.

Kuna sehemu moja ambayo ningekushauri uiache kabisa miezi hiyo, nayo ni kaskazini. Chiang Mai ni mji mzuri wenye mahekalu, milima na chakula chake wenyewe, na picha zake zitakushawishi. Lakini kuanzia Februari hadi Aprili wakulima huchoma mabua ya mahindi na mabaki ya mashamba, misitu nayo huungua, na moshi mwingine huvuka mpaka kutoka Myanmar na Laos. Mji uko bondeni, kwa hiyo moshi hauna pa kwenda. Kuna siku za Machi ambazo Chiang Mai hutajwa kileleni mwa orodha ya miji yenye hewa chafu kuliko yote duniani, na mlima wa Doi Suthep, ulio pembeni kabisa ya mji, hauonekani. Mwenye pumu asijaribu. Novemba na Desemba ndiyo miezi yake.

Ila kuna sababu moja inayoweza kumfanya mtu avumilie joto na hata moshi: Songkran.

Songkran ni mwaka mpya wa Wathai, tarehe 13 hadi 15 Aprili, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wageni wengi wanaijua kwa vita vya maji tu. Mtaa wa Silom jijini Bangkok hufungwa, makumi ya maelfu ya watu hujaa na bastola za maji, ndoo na mipira, na hakuna anayesalimika: polisi analoweshwa, bibi analoweshwa, na wewe uliyetoka hotelini na shati la pasi ukidhani unakwenda kula tu, unaloweshwa kabla hujafika kona. Chiang Mai wanachota maji kwenye handaki la kale linalozunguka mji. Wengine wana kibakuli cha udongo mweupe uliokorogwa, wanakupaka mashavuni taratibu, wanainamisha kichwa na kukutakia mwaka mwema. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki wa kuning'iniza shingoni. Wanauza kila kona.

Mimi nilichokipenda ni asubuhi yake. Karibu na nyumba ya wageni niliyofikia kulikuwa na hekalu dogo la mtaani, na saa mbili asubuhi wazee walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki wamepangwa mstari, viganja vimekunjuliwa magotini. Watoto na wajukuu walipita mmoja mmoja na kikombe cha maji yenye maua ya asumini, wakapiga magoti, wakamwaga kidogo kwenye viganja vya mzee. Mzee anatamka dua, anapitisha mkono wenye maji juu ya kichwa cha mtoto, anayefuata anasogea. Hakuna muziki wala kelele. Uani vijana walikuwa wanajenga vijumba vya mchanga na kuvichomeka bendera ndogo za karatasi. Nilikumbuka Makunduchi, Unguja, na Mwaka Kogwa wa kila Julai. Watalii huenda kule kutazama watu wakichapana kwa magogo ya migomba, na wachache hulisikiliza jina lenyewe: kogwa, kuoga, kuusafisha mwaka. Watu wa pwani mbili tofauti za bahari moja waliona mwaka mpya hauingiwi na uchafu wa mwaka uliopita.

Upande wa mipango, Songkran inataka akili. Bangkok hutoka watu kama Dar inavyowatoa Wachaga mwezi Desemba: wafanyakazi wanarudi kwao Isan, kaskazini-mashariki mwa nchi, na kaskazini, mabasi yanajaa, treni za kulala huisha tiketi mapema, na barabara zinaua. Serikali yao ina kampeni ya kila mwaka inayoiita siku 7 za hatari. Kwa hiyo uwe umeshafika unakotaka kuwa ifikapo tarehe 11, utulie hapo hapo hadi tarehe 17. Kukodi pikipiki siku hizo, huku watu wanakurushia ndoo ya maji usoni, ni kujitafutia kilema. Maduka madogo ya familia hufungwa, na benki pia. Badili fedha mapema.

Sasa makaratasi, ambayo yanachosha lakini ndiyo yanayorudisha watu. Mtanzania anahitaji viza kabla ya kuondoka. Siku hizi maombi hufanywa kwa mtandao, na ubalozi wa Thailand ulio karibu nasi uko Nairobi. Watataka kuona pasi yenye uhai wa kutosha, yaani miezi 6 kwenda mbele, tiketi ya kurudi, mahali utakapolala na taarifa ya benki inayoonyesha kwamba hela zako ni zako, si zilizoingia juzi kutoka kwa shemeji. Kuanzia tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni anajaza pia fomu ya kidijitali ya kuingia nchini, ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni ya bure. Kuna tovuti za matapeli zinazofanana nayo na kudai malipo. Ukiona wanaomba namba ya kadi yako, toka.

Halafu kadi ya njano. Thailand inaihesabu Tanzania miongoni mwa nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na vivyo hivyo Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo. Chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Ukishachanjwa umechanjwa: tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, usikubali kuuziwa kingine eti chako kimepita miaka 10. Kosa ambalo karibu kila Mwafrika Mashariki hulifanya uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, nami nililifanya, ni kufuata umati moja kwa moja hadi uhamiaji. Nilisimama kwenye foleni dakika 50. Dada wa dirishani akaifungua pasi yangu, akaona nimetoka wapi, akaninyooshea kidole nilikotoka. Kabla ya uhamiaji kuna meza ya afya, pembeni, wala haipigi kelele. Hapo ndipo kadi ya njano inaangaliwa na unagongewa muhuri. Nikarudi, nikagongewa, nikaanza foleni upya nyuma ya ndege nzima ya Wachina.

Na nikiwa hapa kwenye mambo ya kuingia, niseme la uchungu kidogo. Ukiona kijana wako ametumiwa tiketi ya Bangkok na mtu asiyemjua, kwa ahadi ya kazi ya kompyuta yenye mshahara mnono, mzuie. Wengi wa waliopokelewa hivyo hawakubaki Bangkok. Walipelekwa magharibi hadi Mae Sot, wakavushwa mto kuingia Myawaddy nchini Myanmar, wakafungiwa kwenye majengo ya utapeli wa mtandaoni. Mwaka 2025 maelfu ya watu waliachiwa kutoka huko, Wakenya na Waethiopia wakiwemo. Mtalii hulipa tiketi yake mwenyewe.

Kufika si kugumu. Kutoka Dar wengi hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai, na Kenya Airways imekuwa ikiruka kati ya Nairobi na Bangkok kwa miaka mingi. Saa zao ziko 4 mbele ya zetu. Lakini katika mambo ya saa kuna jambo lililonifurahisha kuliko hekalu lolote. Sisi Waswahili tumezoea kumweleza mgeni kwa jasho kwamba saa moja usiku si saa moja ya kwao. Mthai haelezwi. Katika mazungumzo ya kawaida, saa yetu moja usiku yeye anaiita nueng thum, yaani thum moja. Saa mbili usiku ni song thum, mbili. Hivyo hivyo hadi ha thum, tano, ambayo ndiyo saa tano yetu ya usiku. Thum ni mlio wa ngoma iliyokuwa ikipigwa kutangaza saa. Nilipanga miadi na dereva kwa vidole tu, vidole viwili juu, tukaelewana kwamba ni saa mbili ya usiku, wakati Mjerumani niliyekuwa naye alikuwa bado anatafuta kwenye simu. Miaka ndiyo hamtaelewana. Wao huhesabu kwa kalenda ya Kibuddha, miaka 543 mbele yetu, kwa hiyo 2026 kwao ni 2569. Usishtuke ukikuta tarehe hiyo kwenye paketi ya mkate. Bado haujaharibika.

Na heshima pia wanazo kama sisi. Muuza chakula aliyekuzidi umri kidogo humwiti kwa jina, unamwita phi, kaka au dada mkubwa. Aliye mdogo ni nong. Mama mtu mzima ni pa. Nilipomwita pa muuza wali wa Ko Samui, aliniongezea kijiko.

Huyo pa nitamkumbuka kwa jambo jingine. Alikuwa jikoni nyuma ya kibanda, ameketi juu ya kiti kifupi cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno, anakuna nazi. Nilisimama pale mlangoni kama niliyeona mzimu. Ilikuwa ni mbuzi. Mbuzi ile ile ya bibi yangu, ametandaza miguu namna ile ile, sinia chini, kifuu kinazunguka mkononi. Kwa ishara na kiswanglish changu nikamuuliza kinaitwaje. Akajibu: kratai. Nikatafuta maana yake. Ni sungura. Zamani walikichonga kwa umbo la sungura, na jina likabaki hata kinapochongwa kama kigoda tu. Sisi tunakaa juu ya mbuzi, wao juu ya sungura, nazi ni ile ile. Akakamua, akatenga tui zito na jepesi kwenye mabakuli mawili. La kwanza wanaliita kichwa, la pili mkia. Kisha akaingiza lile la kichwa kwenye wali wa kunata, akaukatia embe la njano lisilo na nyuzi hata moja. Chakula hicho kinaitwa khao niao mamuang, na Aprili ndio mwezi wake, kwa sababu ndipo maembe yao yanapokuwa matamu. Kama hutakula kingine chochote safari nzima, kula hicho.

Aprili hiyo hiyo doriani linaanza kuingia sokoni, na msimu unaendelea hadi Juni. Wazungu huandika kurasa nzima juu ya harufu yake. Mzanzibari hana haja ya kusimuliwa, kwake linaota; hata jina tulilichukua kama lilivyo. Linaota pia shokishoki, ambalo nalo asili yake ni huko huko kusini-mashariki mwa Asia, ila wao wanaliita ngo. Tofauti ni kwamba kule doriani ni biashara kubwa. Muuzaji analigonga kwa kijiti na kusikiliza mlio kabla ya kukupasulia, na aina wanayoipenda, monthong, ina nyama nene kama mto wa kulalia. Ndiyo maana ya jina lake, mto wa dhahabu. Hoteli nyingi zina kibao mlangoni chenye doriani lililopigwa mstari mwekundu. Kula barabarani, nawa, ndipo uingie.

Mwislamu asiwe na hofu ya chakula. Kusini kuna Waislamu wengi, Krabi na Ko Lanta utasikia adhana ukiwa ufukweni, na alama ya halali huonekana kwenye vibanda na kwenye paketi za dukani. Wana wali wa viungo wa kuku, khao mok gai, ambao ni ndugu wa damu wa biriani. Bangkok mtaa wa Sukhumvit Soi 3 una migahawa ya Kiarabu mfululizo. Hata mchuzi wa massaman, unaosifiwa kote duniani, jina lake linahusishwa na neno Mwislamu. Kitu cha kuangalia ni nyama ya nguruwe inayojificha kwenye vyakula vya mjini. Uliza tu, wanajibu kwa ukweli.

Wafanyabiashara wa Kariakoo hawahitaji makala yangu. Soko la nguo la Pratunam, Bangkok, wanalijua kuliko mimi, na jengo la maduka la Platinum wanaingia kwa mlango wanaoutaka. Ila wengi huishia hapo hapo: siku 4 za kufunga mizigo, na hawajaona hata mto Chao Phraya. Kwao, na kwa msomaji yeyote anayependa kuona dunia inavyounganika, ningesema panda basi uende Chanthaburi, kama kilomita 250 kusini-mashariki mwa Bangkok. Mji huo una mambo mawili. La kwanza ni mashamba ya matunda, doriani likiwa mfalme. La pili ni mtaa wa vito, ambao kuanzia Ijumaa hadi Jumapili hujaa meza ndogo, taa nyeupe na watu wenye darubini za jicho moja. Mawe mengi ya kwetu yalipitia mikononi mwao: yakuti samawi za Tunduru na Songea miaka ya 1990, yakuti nyekundu za Winza wilayani Mpwapwa mwaka 2008, spineli za Mahenge. Tunduru wazee wanawakumbuka wanunuzi wa Kithai. Chanthaburi nilimwambia dalali mmoja kwamba natoka Tanzania, akasema "Tunduru, Mahenge" kwa matamshi safi, akanivutia kiti.

Tazama tu, usinunue. Na Bangkok, mtu nadhifu akikusimamisha nje ya hekalu akakwambia leo limefungwa, kisha bajaji ikatokea na kukutembeza kwa baht 20, ujue safari inaishia duka la vito. Hekalu halijafungwa. Nenda mlangoni uhakikishe mwenyewe.

Gharama zikoje? Tiketi ya ndege ndiyo inayouma, na inauma zaidi kuelekea Songkran. Ukishatua, nchi ni nafuu. Sahani ya chakula cha barabarani iko kati ya baht 50 na 80, na treni ya kutoka uwanja wa ndege hadi Phaya Thai katikati ya mji haizidi baht 45. Kasri Kuu ni ghali, baht 500. Kwenda Ko Samui unaweza kuruka kwa ndege, lakini mimi napenda treni ya usiku kutoka stesheni kubwa mpya ya Krung Thep Aphiwat: unalala kitandani, asubuhi uko Surat Thani, unapanda basi na boti, unafika umechoka kidogo na mfuko haujatoboka. Beba adapta ya umeme, soketi zao si za pini tatu nene kama zetu. Maji ya bombani usinywe.

Safari yangu ya pili niliipanga hivyo: nilifika Bangkok tarehe 10 Aprili, nikaloweshwa siku 3, tarehe 17 nikashuka kwa treni, nikakaa Samui na Ko Tao hadi mwisho wa mwezi. Bahari ilikuwa shwari kama chai kwenye kikombe. Papa potwe sikumwona. Nyumbani walinipigia simu kuniambia masika imeng'oa bati la jirani.

Wiki iliyopita wakala wangu wa zamani alinitumia tena picha zile zile, maji ya feruzi na boti zenye vitambaa omoni, na ofa ya wiki moja ya mwisho wa Mei kwa nusu bei. Nilimjibu kwa maswali mawili: pwani ipi, na picha ni ya mwezi gani? Mpaka naandika makala haya, hajajibu.